Andikeni ligi itaishaje kabla hamjapuliza filimbi ya kwanza

Tarehe 19 Juni 2020 Rostov walienda Sochi na madogo. Namaanisha madogo kweli, vijana wa akademi wa miaka 17 hivi, kwa sababu kikosi cha kwanza chote kilikuwa karantini baada ya wachezaji sita kukutwa na korona, na siku hiyo ndo ligi ya Urusi ilikuwa inarudi baada ya kusimama miezi mitatu. Rostov waliomba mechi isogezwe, Sochi wakakataa, mechi ikaachwa iende. Dakika ya kwanza tu dogo mmoja anaitwa Roman Romanov akatikisa nyavu, Rostov wanaongoza moja bila, na ukiangalia wale vijana walivyomrukia unaona kabisa kwamba kwa dakika kadhaa waliamini inawezekana. Ikaisha 10-1. Kipa wao Denis Popov, miaka 17, alidaka mashuti 15 ikiwemo penati, akaokota mpira wavuni mara kumi, na bado ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mechi.

Watu wengi waliicheka ile mechi, video zikazunguka sana. Mimi mpaka leo hainichekeshi hata kidogo, manake siku ile hamna aliyevunja kanuni. Sochi walikuwa na haki ya kukataa na ligi ilikuwa na haki ya kuendelea na ratiba yake. Tatizo ni kwamba lile swali la timu ikikosa kikosi kwa sababu ya ugonjwa tunafanyaje aliachiwa mpinzani alijibu, mpinzani ambaye pointi tatu anazitaka, sasa hapo ulitegemea aseme nini?

Hoja yangu ni hiyo na nitaing'ang'ania: ukipanga msimu wakati hujui kama utamalizika, kazi kubwa kuliko zote siyo tarehe za mechi. Kazi kubwa ni kuandika mapema, kabla timu hata moja haijapata pointi, kwamba tukisimama katikati tunahesabuje, tukifika raundi ya ngapi msimu unahesabika kuwa msimu, timu ikiwa na wachezaji wangapi wazima inalazimika kucheza, na nani ana sauti ya mwisho. Iandikwe wakati wote wako sifuri na hamna anayejua Machi atakuwa juu au mkiani. Ukisubiri mpaka msimamo uonekane umeshachelewa, kwa sababu kila kanuni utakayoileta itakuwa na jina la timu ndani yake.

Angalia yaliyotokea 2020, mwaka ule ulikuwa kama darasa, ligi zote zilipewa mtihani mmoja kwa wakati mmoja na kila moja ikajibu kivyake. Ubelgiji walikuwa wa kwanza kati ya ligi zinazojulikana Ulaya kutangaza kwamba wanataka kuishia pale, mwanzoni mwa Aprili, Club Brugge wakapewa ubingwa wakiwa mbele kwa pointi 15, na kwa pengo lile kelele hazikuwa nyingi. Ufaransa serikali ikafunga mpira mwisho wa Aprili, PSG wakapewa ubingwa kwa wastani wa pointi kwa mechi, Lyon wakajikuta nafasi ya 7 bila mashindano ya Ulaya msimu unaofuata, na hao hao Lyon Agosti wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Amiens wakashushwa wakiwa na mechi kumi hawajacheza. Scotland Hearts wakashushwa wakiwa nyuma pointi nne na mechi nane mkononi, wakaenda mpaka kwenye usuluhishi wa kisheria, wakashindwa. Ujerumani, Uingereza, Hispania na Italia ligi kuu zikarudi uwanjani bila mashabiki zikamaliza. Tanzania ligi ilisimama Machi ikarudi Juni, Simba wakaubeba wa tatu mfululizo kwa mpira uliochezwa. Rwanda APR wakatangazwa mabingwa mezani. Kenya shirikisho likawapa Gor Mahia ubingwa mwisho wa Aprili na kampuni iliyokuwa inaendesha ligi ikasema uamuzi huo siyo wa shirikisho kufanya, yaani kabla hata ya kubishana nani bingwa watu wanabishana nani mwenye haki ya kumtangaza bingwa.

Sasa ukitaka kuona wastani wa pointi unavyofanya kazi shuka daraja la tatu Uingereza, ile inayoitwa League One, hapo kuna mfano ambao kila mpanga ratiba angeubandika ukutani. Ligi iliposimama Wycombe walikuwa na pointi 59 kwa mechi 34, Peterborough pointi 59 hizo hizo kwa mechi 35. Peterborough wako wa sita, ndani ya nafasi za mtoano wa kupanda, Wycombe wako wa nane, nje. Juni klabu zikapiga kura kumaliza msimu kwa wastani. Gawanya 59 kwa 34 unapata 1.74, gawanya 59 kwa 35 unapata 1.69, na kwa sababu timu zilikuwa zimebanana pale juu Wycombe wakaruka kutoka wa nane mpaka wa tatu bila kugusa mpira, Peterborough wakadondoka mpaka wa saba, nje. Wycombe wakacheza mtoano, wakashinda fainali 2-1 dhidi ya Oxford, wakapanda Championship, yaani daraja la pili, kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Mimi siwalaumu Wycombe, tena hesabu yenyewe naiona ni ya haki kuliko msimamo ulivyokuwa, maana timu yenye mechi mkononi haiwezi kuadhibiwa kwa mechi ambayo haijacheza. Ligi ya wanawake Uingereza ilikuwa hivyo hivyo, Manchester City walikuwa juu na pointi 40 kwa mechi 16, Chelsea 39 kwa mechi 15, ukigawanya City ni 2.5 na Chelsea ni 2.6, kombe likaenda Chelsea. Hesabu iko sawa, hata mtoto wa shule anaipata. Kinachouma ni muda. Ile kura ya League One ilipigwa wakati kila mwenye klabu ameshakaa na kikotoo chake nyumbani anajua njia hii inanipeleka wapi na njia ile inanipeleka wapi, hapo utaitaje kura ya kanuni? Ni kura ya maslahi tu, na si kwamba wale watu ni wabaya, wewe ungekuwa na klabu ungepiga hivyo hivyo. Hesabu hiyo hiyo ya wastani ingekuwa imeandikwa Agosti, Peterborough wangeumia lakini wangejua imewapata kanuni waliyoikubali wenyewe.

Ndo maana Uganda walinivutia kuliko ligi nyingi kubwa. Kwenye kanuni zao za mashindano kulikuwa kumeshaandikwa kwamba ligi ikisimama huku asilimia 75 ya mechi zimechezwa basi anayeongoza ndiye bingwa. Mei 2020 walikuwa wamecheza raundi 25 kati ya 30, piga hesabu unapata asilimia 83, Vipers wakatangazwa mabingwa na timu za chini zikashuka. Manung'uniko yalikuwepo, mpira bila manung'uniko haupo, ila aliyenung'unika alikuwa anagombana na karatasi ambayo ilikuwepo kabla ya korona kujulikana na siyo na kikao cha jana usiku. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Kikao cha jana usiku unaweza kusema kimenunuliwa, karatasi ya zamani utasema nini?

Mtu atauliza kwa nini 75 na siyo 60 au 50. Mimi binafsi chini ya nusu ningesema msimu umekufa, hamna bingwa hamna anayeshuka, kwa sababu kuna timu zinakuwa hazijakutana kabisa, mmoja amecheza na wakubwa wote nyumbani na mwenzake amecheza nao wote ugenini. Mzunguko wa kwanza ukikamilika kila mtu amekutana na kila mtu walau mara moja, hapo ndo unaweza kuanza kuongea. Na ukitaka kushusha timu basi weka kizingiti cha juu zaidi kuliko cha kumpata bingwa, maana kombe ni furaha ya mmoja lakini kushuka ni ajira za watu, wachezaji mikataba inakatwa, wadhamini wanaondoka, na lala salama, yaani zile raundi za mwisho, ndo muda timu za mkiani hupambana kufa na kupona. Kumshusha mtu kabla ya lala salama ni kumnyima nafasi pekee aliyokuwa amebaki nayo.

Turudi kwenye idadi ya wachezaji, maana hapa ndo ligi nyingi ziliteleza hata zilipokuwa zimeandika kitu. Napoli, Oktoba 2020, walikuwa waende Turin kucheza na Juventus, wakapata wagonjwa wawili, mamlaka ya afya ya kwao ikawaambia hamsafiri. Kanuni ya ligi inasema una wachezaji wa kutosha nenda kacheze, mamlaka ya afya inasema ukitoka nje umevunja agizo. Juventus wakafika uwanjani, wakatoa na orodha ya kikosi, mpinzani hayupo. Napoli wakapigwa tatu bila za mezani na kunyang'anywa pointi moja, wakakata rufaa, wakakata tena, Desemba 22 wakashinda, mechi ikachezwa Aprili 7 mwaka 2021, Juve 2-1. Kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa, cha miezi sita! Na msimu ulivyoisha Juventus wakawa wa nne na pointi 78 wakaenda Ligi ya Mabingwa, Napoli wa tano na pointi 77 wakabaki. Pointi moja tu, fikiria ile iliyokatwa isingerudishwa au ile mechi ingeamuliwa mezani, watu wangekuwa mahakamani mpaka leo. Yote hayo kwa sababu hamna mtu aliyekaa mapema na watu wa afya akawauliza nyinyi na kanuni yetu mkigongana nani anamfuata nani.

Hata Premier League yenye hela zote zile. Msimu wa 2021/22 walikuwa na kanuni kwamba timu ikiwa na wachezaji 13 wa uwanjani pamoja na kipa basi inacheza, ikipungua hapo inaweza kuomba kuahirisha, lakini majeruhi nao walikuwa wanahesabika kwenye kukosekana. Januari 2022 mechi ya Tottenham na Arsenal ikaahirishwa kwa ombi la Arsenal wakati wengi wa waliokosekana walikuwa majeruhi au wamekwenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, Tottenham wakalalamika sana, na baada ya hapo ndo kanuni ikabadilishwa kwamba lazima uwe na walau kesi nne za korona. Kanuni nzuri kabisa, imeletwa katikati ya msimu, tayari mechi kibao zimeshaahirishwa kwa ile ya zamani. Waliocheza Desemba na kikosi kilichochoka walikuwa na kanuni moja na waliocheza Februari wana nyingine, ligi ni hiyo hiyo, kombe ni hilo hilo.

Halafu kuna hili la nafasi kwenye kalenda, hili halipendwi kuzungumzwa kwa sababu linagusa mifuko. Niliwahi kukaa meza moja na watu wanaopanga ratiba ya ligi ndogo ya timu 14, karatasi kubwa yenye vyumba vyumba, penseli, kifutio kimeisha nusu. Timu 14 nyumbani na ugenini ni raundi 26, mechi 182. Wakati naangalia ilikuwa inaonekana rahisi mpaka mechi moja ikahama, kwa sababu uwanja ule unatumiwa na timu mbili, ukihamisha mechi ya Jumamosi kwenda Jumatano unakuta Jumatano hiyo mpinzani yuko safarini kwenye mechi ya Alhamisi ugenini, ukihamisha na hiyo unamgusa mwingine. Yule mzee mwenye penseli alifuta vyumba vitano ili kuweka kiporo kimoja. Vitano. Akapuliza vumbi la kifutio akaniambia hapa bado hatujamtafuta refa.

Sasa chukua hiyo weka ugonjwa ambao ukiingia kambini unafunga timu wiki mbili. Ligi ya raundi 38 inataka wikiendi 38, toa mapumziko ya timu za taifa, weka kombe la shirikisho, weka mashindano ya bara kwa wanaoshiriki, toa mapumziko ya kati ya msimu, unakuta kalenda imejaa kama basi la jioni. Karantini moja ya siku 14 ni mechi mbili mpaka nne. Dynamo Dresden, daraja la pili Ujerumani, ndo walioonja hiyo. Ligi ilirudi Mei 16 mwaka 2020, wao wiki moja kabla wakakutwa na wagonjwa wapya, kikosi kizima kikafungiwa majumbani siku 14, wenzao wanacheza wao wanakimbia sebuleni. Waliporudi Mei 31 walikuwa na mechi tisa za kucheza mpaka Juni 28, yaani mechi kila siku tatu au nne mwezi mzima na miguu ambayo haijafanya mazoezi ya pamoja. Wakashuka wakiwa wa mwisho. Ukweli usemwe, walikuwa mkiani hata kabla ya kusimama, kwa hiyo huwezi kusema korona ndo iliwashusha, lakini pia huwezi kuniambia walipewa nafasi sawa na wengine.

Dawa ipo ila ni chungu, punguza mechi. Ligi ya timu 20 ni mechi 380 kwa raundi 38, ya timu 18 ni mechi 306 kwa raundi 34, ya timu 16 ni mechi 240 kwa raundi 30. Kutoka 20 kwenda 16 umepata wikiendi nane za wazi, hizo ndo za kuhifadhia viporo. Kama hutaki kupunguza timu basi anza na mzunguko mmoja, kila mtu akutane na mwenzake mara moja, halafu mgawanye juu na chini wamalizane wenyewe. Waendesha ligi watakwambia wenye haki za matangazo wamelipia mechi 380 wanataka 380, sawa, hilo ni la kweli, lakini mechi ambayo haijachezwa nayo hailipwi, na klabu ndogo inayoishi kwa viingilio vya mlangoni ikiahidiwa mechi 19 za nyumbani ikapata 12 ndo inakufa, kwa sababu ilisajili kwa hesabu ya 19. Bora uiambie ukweli mapema ipange mishahara kwa 15. Mikataba nayo ni hivyo hivyo, 2020 FIFA ilibidi itoke Aprili ipendekeze mikataba inayoisha Juni 30 isogezwe mpaka mwisho wa msimu, maana kuna wachezaji walikuwa wanaelekea kuwa huru huku ligi bado ina mechi tano sita. Kifungu kimoja tu kwenye mkataba, kwamba mwisho ni mechi ya mwisho na siyo tarehe, kingemaliza hilo.

Na siku ya mwisho iwe na kanuni yake peke yake. Deportivo La Coruña, Julai 20 mwaka 2020, raundi ya mwisho ya daraja la pili Hispania, wapinzani wao Fuenlabrada wameshafika mjini, wako hotelini, majibu ya vipimo yanatoka kuna wagonjwa, mechi inafutwa masaa machache kabla. Mechi nyingine zote zikaachwa zichezwe. Washindani wa Deportivo huko chini wakashinda, Deportivo wakashuka daraja wakiwa wamekaa, hawajacheza, hawana la kufanya. Ukifika Agosti 7 mechi ikachezwa kama ya kumalizia karatasi, Deportivo wakashinda 2-1, haiwasaidii kitu. Ila Fuenlabrada ambao pointi moja tu ingewapeleka kwenye mtoano wakaikosa, nafasi ikaenda kwa Elche, na Elche wakapanda mpaka La Liga. Raundi ya mwisho huwa inachezwa muda mmoja nchi nzima ili mtu asijue matokeo ya mwenzake, sasa kama mechi moja haiwezekani si zote zisimame? Mstari mmoja wa kanuni ungetosha, mechi moja ikiahirishwa yenye uzito wa kupanda au kushuka, zote zinasubiri.

Ila inayoniuma kuliko zote ni ya Uholanzi. Cambuur walikuwa wanaongoza daraja la pili, De Graafschap wa pili, wote wawili nafasi za kupanda moja kwa moja, mechi tisa zimebaki, na Cambuur wako mbele ya mtu wa tatu kwa pointi 11. Aprili 24 shirikisho likaziuliza klabu 34 je watu wapande na washuke au tuache. Klabu 16 zikasema wapande na washuke, 9 zikakataa, 9 hazikuwa na upande. Shirikisho likaona 16 siyo nusu ya 34, likaamua hamna bingwa hamna kupanda hamna kushuka. Cambuur wakaenda mahakamani wakakosa. Kwa hiyo 16 kwa 9 wameshindwa wenye 16, na wale 9 waliokaa kimya ndo wakawa wameamua, jambo ambalo hamna aliyewaambia kabla ya kura kwamba litakuwa hivyo.

Cambuur walianza upya msimu uliofuata kutoka sifuri, wakaongoza tena, safari hii ikaisha, wakapanda wakiwa mabingwa. De Graafschap nao walianza upya, wakafika siku ya mwisho wakiwa bado kwenye mbio, wakamaliza pointi sawa na timu ya pili iliyopanda, wakazidiwa tofauti ya mabao.